TUJUE MAANA YA NENO "LEAVE" KABLA YA KUTIA SAHIHI



Hapa kwetu Kanama neno "konji" linajulikana na kila mtu. Lilitoka katika Kifaransa, tukalifanya letu. Lakini mwaka 2008 Serikali iliamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, na lugha hiyo imeingia pia katika karatasi za kazi. Palipokuwa pakiandikwa "congé", siku hizi mara nyingi utakuta "leave". Ndugu zetu wa Kenya hulitamka "livu". Neno ni dogo, lakini mfanyakazi asiyelijua vizuri anaweza kutia sahihi ya kuacha kazi akidhani anaomba mapumziko.

Yafaa ieleweke kwamba neno hili lina maana zaidi ya moja. Kwanza, ni kuondoka: "I leave at five", yaani naondoka saa kumi na moja. Pili, ni kuacha kitu mahali: "Leave the basket here", acha kikapu hapa. Tatu, ni kuacha kazi moja kwa moja: "I leave the job". Nne, ni likizo. Wajuzi wa Kiingereza wanaeleza kwamba zamani haya yalikuwa maneno mawili: moja lilikuwa na maana ya ruhusa, na la pili maana ya kuacha nyuma. Baadaye yakafanana kwa sura, kama mapacha wenye tabia mbalimbali.

Sisi wa mashamba ya chai tuna la tano. "Leaves" ni majani, yale yale tunayoyachuma na kuyapima. Kwa hiyo mchumaji akiona "green leaf" kwenye karatasi ya mizani asidhani ameandikiwa likizo. Hayo ni majani mabichi, na namba iliyo kando yake ni kilo zake.

Basi tutatofautisha namna gani? Tutazame maneno yaliyo jirani. Likitanguliwa na "annual", ni likizo ya mwaka. Likitanguliwa na "sick", ni likizo ya ugonjwa. "Maternity leave" ni likizo ya uzazi. Ukiona "without pay" nyuma yake, simama hapo hapo uulize, maana hiyo ni likizo isiyo na mshahara. Tena angalia sentensi hizi mbili: "I am on leave" na "I am leaving". Zinafanana sana, lakini wa kwanza yuko mapumzikoni na atarudi. Wa pili anaondoka, na katika barua ya kazi maana yake ni kwamba anaacha kazi.

Jambo hili si la shule tu, ni la haki. Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66 ya mwaka 2018 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo, siku moja na nusu za kazi kwa kila mwezi. Hizo ni siku 18 kwa mwaka. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, nao unataja majuma matatu ya kazi kuwa kiwango cha chini, na unakataza mfanyakazi kuyauza kwa fedha. Haki hiyo ilipiganiwa na wafanyakazi wa nchi nyingi kwa muda mrefu. Itakuwa ni hasara kubwa ikitupotea kwa sababu ya neno moja lisiloeleweka.

Wako wenzetu wasemao: "Kiingereza ni kazi ya makarani, sisi kazi yetu ni mikono." Mimi sikubaliani nao. Hakuna kati yetu aliyetengeneza mizani, lakini hakuna mchumaji anayekubali kilo zake zisomwe na mtu mwingine peke yake. Husogea, akatazama mshale mwenyewe. Karatasi nayo ni mizani. Inapima siku zetu kama ile inavyopima majani yetu.

Wala sisemi kwamba tuiache lugha yetu. Kinyarwanda ni lugha rasmi, na Kiswahili nacho kiliwekewa sheria kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Tuna kila sababu ya kuomba karatasi muhimu zielezwe kwa lugha tunayoielewa. Lakini wakati tunapoomba hayo, karatasi ya Kiingereza imekwisha wekwa mezani na kalamu iko mkononi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kila mkutano wa tawi utenge robo saa kujifunza neno moja la kazini, tukianza na hili. Mwenye kusoma amsomee asiyesoma, bila kumcheka. Na yeyote anayeomba likizo ahakikishe karatasi yake ina tarehe mbili: ya kuondoka na ya kurudi kazini. Kisha abaki na nakala, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Karatasi isiyo na tarehe ya kurudi, ndugu yangu, usiitie sahihi mpaka umeonana na mjumbe wako. Kuuliza si ujinga.