Ugonjwa Wangu, Nani Aujue?

Jioni moja mwanakisomo mmoja alianza kutetemeka darasani. Jasho lilimtoka. Maneno yake hayakueleweka. Wenzake walicheka, wakidhani ametoka kilabuni. Nami mwalimu nilidhani hivyo hivyo. Nilimwambia aende nyumbani. Alipofika mlangoni, alianguka.

Mkewe alikuwa mwanakisomo pia. Alifungua fundo la kanga, akatoa sukari, akaikoroga katika maji na kumnywesha. Baada ya robo saa mumewe alisema vizuri.

Kumbe ana ugonjwa wa sukari, na shinikizo la damu pia. Siku hiyo alichoma sindano ya insulini, kisha hakula. Sukari ya mwilini ilishuka.

Nilimwuliza kwa nini alificha. Alinijibu, "Mwalimu, jirani yangu alitajwa ugonjwa wake kwenye dirisha la dawa, watu wamejaa barazani. Baadaye kikundi kilimnyima mkopo wa mbolea. Walisema atakufa kabla ya kuvuna."

Simlaumu. Ugonjwa ni wa mwenyewe. Anayeutangaza dirishani anakosea, na mgonjwa anaweza kumwambia, "Tuzungumze ndani." Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI yawe siri. Kwa maoni yangu, sukari na presha zistahili heshima hiyo hiyo.

Lakini mganga aambiwe yote. Huyu bwana alikuwa akinunua dukani dawa ya maumivu ya mgongo, diklofenaki, bila kutaja presha. Dawa hiyo inaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Mwenye magonjwa mawili akimficha mganga moja, anaweza kupewa dawa ya kumdhuru.

Tena awepo mtu mmoja wa karibu, shambani au darasani, anayejua dalili za sukari kushuka. Si lazima ajue mengine. Ajue pia kwamba aliyezimia hanyweshwi kitu, maana anaweza kupaliwa. Apelekwe hospitali mara moja.

Bwana huyo aliniruhusu kuandika haya, ila nisitaje jina wala kijiji. Wale waliocheka waliniuliza mara nyingi anaumwa nini. Niliwaambia kwamba hakuwa amelewa, na kwamba mimi nilikosea. Mengine wamwulize mwenyewe.