Jina la Kiswahili, Maneno ya Kiingereza

Nilipokuwa Jilore likizoni, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinijia na swali: "Mwalimu, Kiswahili kinaweza kusimulia mambo ya miaka mia ijayo, ama ni lugha ya mambo ya kale tu?" Nilimjibu kwa kumweleza habari za Wanuri Kahiu.

Mwandishi na mtengenezaji filamu huyu alizaliwa Nairobi mwaka wa 1980. Alisomea shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kisha akaenda Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kujifunza sanaa ya filamu. From a Whisper, filamu yake iliyotokana na shambulio la bomu la mwaka wa 1998 katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, ilimpatia tuzo ya mwelekezi bora barani Afrika mwaka wa 2009. Mwaka wa 2018 filamu yake Rafiki, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ikawa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Kwa kuwa inahusu mapenzi ya wasichana wawili, ilipigwa marufuku nchini. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu.

Lakini kazi iliyo karibu zaidi na swali la mwanafunzi wangu ni Pumzi, filamu fupi ya mwaka wa 2009. Inatupeleka Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya Vita vya Maji. Watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, jasho na mkojo wao husafishwa ili wanywe tena, na wanamezeshwa dawa za kuzuia ndoto. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye rutuba, anaotesha mbegu, kisha anatoroka kwenda jangwani kuipanda na kuinywesha maji yake ya mwisho.

Hadithi hiyo si ngeni kwetu. Juu ya mto kutoka Jilore, mitambo ya Baricho huchota maji ya Sabaki na kuyasukuma hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Mtoto aliyeona mabomba yakipita huku mama yake akitafuta maji kwa mtungi hahitaji kufafanuliwa maana ya vita vya maji. Wanuri mwenyewe aliirudia mada hiyo katika kitabu cha watoto, The Wooden Camel, cha mwaka wa 2017, ambamo bei ya maji inapopanda, babake Etabo wa Turkana analazimika kuuza ngamia wake.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Pumzi ni neno la Kiswahili fasaha, lenye undugu na kupumua na kupumzika. Lakini ukishapita jina hilo, filamu inazungumza Kiingereza. Simlaumu msanii, ana haki ya kuchagua lugha yake, na wenye fedha za filamu aghalabu hawako Afrika. Lawama ni yetu sisi walimu, tuliowazoesha vijana kudhani kwamba Kiswahili ni cha ngano na methali, ilhali sayansi na kesho ni za Kiingereza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, atatunzwaje ikiwa waliokwao hawaelewi anachocheza?

Yamkini mtu atasema Kiswahili hakina istilahi za kutosha. La hasha! Istilahi huzaliwa na matumizi, nayo matumizi huanzia darasani. Maneno yanayosemwa katika Pumzi ni machache, na filamu nzima ni ya dakika ishirini na kitu. Mwalimu na aionyeshe bila sauti, kisha awaagize wanafunzi waandike mazungumzo yake kwa Kiswahili, na wa Jilore waongeze Kigiriama wakitaka. Watakapokwama kwa kukosa neno, watalibuni, watabishana juu yake, na hapo lugha itakuwa imekua.

Wanuri Kahiu alithubutu kuiwaza kesho ya Mwafrika na kuipa jina la Kiswahili. Waliosalia kuijaza maneno ni wanafunzi wetu, nasi tusiwanyime nafasi hiyo.