Kupanda vilima si starehe ya Wazungu

Na Tabibu, Kayanga

Kila ukiingia msimu wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mvua zikiwa zimekatika na kahawa imeanikwa uani, vijana wetu wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro hupanga safari za siku moja za kupanda vilima na marafiki zao. Na kila mwaka husikika maneno barazani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, ya watu wasio na kazi, na kwamba Muislamu mwenye akili hatoki jasho kwa jambo lisilomletea faida.

Mimi siafiki. Kwanza, wazee wetu wa Pwani walioleta biashara huku, wakaweka kituo chao pale Kafuro na kukutwa hapo na Stanley mwaka 1876, hawakuja kwa basi. Walitembea kwa miguu kutoka Tabora, siku baada ya siku, kilima baada ya kilima. Pili, na hili ndilo langu kama tabibu, zahanati na vituo vyetu vya afya siku hizi havipokei malaria na kuhara peke yake. Tunapokea shinikizo la damu na kisukari, tena kwa watu wa miaka arobaini. Mtu anaamka, anapanda bodaboda hadi dukani mwendo wa dakika kumi, anakaa kwenye kiti mpaka Magharibi, anarudi kwa bodaboda, anakula ndizi sahani iliyojaa, analala. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Wangapi kati yetu wanazifikisha?

Hapa niwe mkweli kidogo. Mama wa Kaisho au Mabira anayelima, anayepanda na ndoo ya maji kichwani na kushuka na mkungu wa ndizi, hahitaji tabibu amwambie akapande kilima. Huyo anahitaji kupumzika na kusaidiwa ndoo. Maneno yangu ni kwa sisi wa madukani na maofisini, na kwa wake zetu na mabinti zetu wa mjini, ambao tumewafungia ndani kisha tunashangaa wanapovimba miguu.

Nimeafiki kupanda, lakini siafiki namna tunavyopanda. Siku ya Saba Saba mwaka 2022, iliyoangukia Alhamisi katika siku za mwanzo za Dhul-Hijja, tulikwenda watu kumi na mmoja upande wa Kyerwa. Gari lilituacha alfajiri, baridi kali na ukungu umelala mabondeni. Jua lilipotoka tulikuwa juu ya mgongo wa kilima, magharibi yetu bonde la Mto Kagera, na ng'ambo yake Rwanda. Ni mandhari ambayo mtu akiyaona hana budi kusema Subhana Allah.

Mmoja wetu, mfanyabiashara wa makamo, ni mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge vya glibenklamidi. Alikuwa amefunga sunna. Alikula daku kidogo, akameza kidonge chake kama kawaida, akaja. Saa nne asubuhi akaanza kubaki nyuma. Akawa mkali kwa kijana aliyemshika mkono, jambo ambalo si tabia yake. Nilipomgusa shingo, jasho lilikuwa la baridi, na vidole vilikuwa vinatetemeka. Hiyo ni sukari kushuka, na kidonge kile kina tabia hiyo: kinaendelea kuteremsha sukari hata kama tumboni hamna kitu, kwa muda unaoweza kufika siku nzima. Ongeza mwendo wa kupanda, ambao nao unakula sukari.

Nilikoroga vijiko vitatu vya sukari katika kikombe cha maji. Ndipo ukaanza ubishi. Ndugu wawili wakasema tusubiri, amebakiza saa chache tu, siku zenyewe ni bora, tusimharibie swaumu. Walisema kwa nia njema. Lakini mgonjwa ameruhusiwa kufungua hata katika Ramadhani, ambayo ni faradhi, sembuse sunna, ambayo mwenye kufunga ana hiari nayo. Alikunywa. Baada ya dakika kama kumi na tano akili ilimrudia, akala ndizi na chapati, na tukamshusha polepole. Angeachwa nusu saa nyingine angeweza kuzimia, na mtu aliyezimia hamiminiwi kitu kinywani, maana kitaingia mapafuni. Kule juu, hospitali iko mbali, na simu inashika pale inapotaka yenyewe.

Kwa hiyo nasema wazi: mgonjwa wa kisukari apande, tena yeye ndiye anayehitaji zaidi. Ila asipande na swaumu, na kabla ya siku hiyo amuulize mtaalamu wake kuhusu dozi. Awaambie wenzake ugonjwa wake. Wengi wetu tunaficha kisukari kama aibu, na siku ya shida hakuna anayejua kwa nini ndugu anaropoka. Na kahawa ya kutafuna tunayoipenda huku Karagwe si chakula. Inachangamsha tu, sukari haipandishi.

Jambo la pili ni maji. Adhuhuri ilipoingia tulibaki na madumu mawili. Vijana wakaanza kutawadha kwa kumwaga kama wako bombani, na dumu moja likaisha kabla watu sita hawajamaliza. Kisha wawili wakataka kuteremka kwenye dimbwi wanapokunywa ng'ombe wakachote maji ya kunywa. Nilikataa, na nikalaumiwa.

Sisi tuliosoma madrasa tunajua kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, kiasi kisichozidi robo tatu ya lita. Tunajua pia kwamba mwenye maji ya kunywa tu, akihofia kiu, anaruhusiwa kutayamamu. Elimu hiyo tunaihifadhi kwa ajili ya mtihani wa ustadh, halafu tukifika mahali penyewe inapohitajika tunaisahau, tunamwaga maji safi na kunywa maji ya dimbwi. Dimbwi la ng'ombe lina vijidudu vya kuhara, na penye watu wanaojisaidia vichakani lina vya taifodi pia. Maji kuonekana meupe hakumaanishi ni salama. Kila mtu abebe lita mbili hadi tatu za maji yaliyochemshwa nyumbani, na vidonge vya kutibu maji viwepo kwenye begi. Baridi ya asubuhi isiwadanganye. Miinuko yetu mingi iko juu ya mita 1500, hewa yake ni kavu wakati wa kiangazi, mtu hupoteza maji bila kuhisi kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umeshachelewa kunywa.

Akiharisha mtu huko huko na hamna pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Na anayejisaidia asijisaidie njiani, wala kivulini wanapopumzika watu, wala karibu na maji. Makatazo hayo kila mtoto wa chuoni anayajua. Afukie.

Viatu: kandambili ziacheni nyumbani. Njia za vumbi zina funza, na mawe yanakata. Hata huyo Grant, mwenzake Speke, waliofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, alipata kidonda cha mguu hapa Karagwe kikamlaza kwa miezi. Speke aliendelea na safari ya Buganda Januari 1862, na Grant hakuweza kuondoka mpaka Aprili. Baadhi ya matabibu waliosoma maelezo yake wanahisi ulikuwa ugonjwa unaoitwa kidonda cha Buruli. Kidonda chochote kisichopona kwa wiki mbili kionwe na mtaalamu. Na ukiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usipoteze muda na jiwe. Tuliza kiungo kisicheze, ukimbizwe hospitali.

Nimebakiza linalonitisha zaidi, nalo ni mapango. Vijana wa siku hizi wakiona pango au shimo la zamani la machimbo ya bati, lazima waingie wapige picha. Ndani kuna popo. Mwaka 2007 wachimbaji wa machimbo ya Kitaka, magharibi ya Uganda, waliugua homa ya Marburg. Mwishoni mwa mwaka huo huo mtalii wa Kimarekani aliingia katika pango la popo katika msitu wa Maramagambo, huko huko Uganda, akaugua na akapona. Mwezi Julai 2008 mwanamke wa Kiholanzi aliyeingia pango hilo alifariki. Wote wawili walikuwa matembezini tu, kama sisi.

Tusidhani ni habari za mbali. Machi 2023 Marburg ilitangazwa katika mkoa wetu huu wa Kagera, wilaya ya Bukoba, watu tisa wakaugua na sita wakafariki, wakiwemo waliokuwa wakihudumia wagonjwa. Septemba 2024 ikatangazwa Rwanda, ng'ambo ya mto ule tuliokuwa tukiutazama: wagonjwa 66, vifo 15, na chanzo kikahusishwa na machimbo yenye popo. Januari 2025 ikatangazwa Biharamulo; hadi inamalizika mwezi Machi, wote kumi waliohesabiwa, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, walikuwa wamefariki. Kijana anayeingia pangoni harudi na picha peke yake. Anaweza kurudi na homa, akamwambukiza mama yake anayemuuguza na wale watakaomuosha maiti. Hapo ndipo ninapokuwa mkali: popote penye popo, hakuna kuingia, na matunda yaliyong'atwa yasiliwe. Aliyekwisha kuingia, akapata homa ndani ya wiki tatu, aeleze hivyo mara tu anapofika kituoni, kabla hajaguswa.

Kuhusu ruhusa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni Hifadhi za Taifa tangu mwaka 2019, kwa hiyo si pa kukatiza kichochoro. Wanyama wapo, na kibali kinaombwa kwa wahifadhi.

Dada zetu wa Kayanga wameshaniuliza lini na wao watatoka. Wako kumi na wanne, na mmoja wao ana pumu. Nimewajibu kwamba wakiwa pamoja na wakubwa wao, gari likiwa limekubaliwa kuwasubiri chini, kila mmoja na chupa yake ya maji, na huyo mwenye pumu na dawa yake ya kuvuta mfukoni badala ya kwenye begi la mwenzake, sioni wa kuwazuia. Waume wawili bado wanafikiria. Wafikirie haraka, mvua za Septemba haziko mbali.