Meneja wa mfuko naye aulizwe

Mkulima wa korosho akishalipwa na chama chake cha msingi, siku hizi ana mahali pengine pa kupeleka fedha mbali na benki, duka au kiwanja. Tangu Mfuko wa Umoja uanzishwe mwaka 2005 chini ya UTT, neno 'vipande' limezoeleka hata vijijini, na UTT AMIS, iliyoichukua kazi hiyo mwaka 2013, inasimamia mali zilizovuka shilingi trilioni 1. Kampuni nyingine nazo zimeingia sokoni. Hilo ni jambo jema. Mwenye shilingi laki moja hawezi kununua peke yake hatifungani na hisa za kampuni kumi, lakini akichanga na wenzake anaweza.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi wa vipande huuliza swali moja tu: mwaka jana mfuko umetoa asilimia ngapi? Ni swali halali, lakini halimgusi anayezishika fedha hizo.

Marekani, ambako biashara hii ina historia ndefu, walilipa gharama ya kutouliza. Septemba 2003 Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York, Eliot Spitzer, alifichua kwamba kampuni kadhaa kubwa za mifuko ziliwaruhusu wateja wachache wapenzi kufanya kile ambacho wengine walikatazwa.

Tuseme kuna ghala la pamoja la mahindi. Bei ya gunia hubandikwa mlangoni asubuhi na haibadilishwi mpaka kesho. Mchana bei inapanda mjini. Anayejua habari hiyo akinunua fungu kwa bei ya asubuhi, kisha akaliuza kesho kwa bei mpya, faida yake haikutoka hewani. Imetoka kwa wanachama waliotulia na mafungu yao. Ndivyo ilivyofanyika kwenye mifuko iliyokuwa na hisa za nchi za mbali, ambako masoko yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Aliyetia fora ni Richard Strong, mwanzilishi wa Strong Capital Management ya Wisconsin. Yeye hakumpendelea mteja tu. Alicheza mchezo huo mwenyewe, ndani ya mifuko ya kampuni yake. Mwaka 2004 alikubali kulipa dola milioni 60 na kufungiwa maisha kufanya kazi hiyo, na biashara yake ikauzwa kwa benki ya Wells Fargo. Alikuwa tajiri mkubwa kabla ya hayo yote, hivyo wanaodhani mshahara mnono peke yake humfanya meneja awe mwaminifu wafikiri upya.

Wizi huo angalau ulikuwa na mwisho mahakamani na kwa wadhibiti. Kuna kinachomega fedha kihalali, nacho ni ada. Shilingi milioni 1 ikikua kwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 20 inakuwa takriban milioni 6.7. Ada ikila asilimia 2 na ukuaji ukabaki asilimia 8, mwenye fedha anapata takriban milioni 4.7. Milioni 2 zimekwenda, na hakuna aliyevunja sheria. John Bogle, aliyeanzisha Vanguard mwaka 1975, aliiona hesabu hii mapema. Aliifanya kampuni imilikiwe na mifuko yenyewe, yaani na wateja, ili asiwepo mwenye hisa wa pembeni anayenufaika ada ikipanda.

Hatusemi mameneja wa hapa kwetu ni wezi. Kanuni zetu zinatenganisha anayeamua fedha ziwekezwe wapi na benki inayotunza mali, na huo ni uzio mzuri. Lakini uzio hauonyeshi kilichomo ndani ya boma.

Tunaiomba Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana iagize kila waraka wa toleo uanze na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: jina la anayefanya maamuzi na muda aliokaa kazini, ada zote kwa shilingi katika kila laki moja, na vipande anavyomiliki yeye na wakurugenzi wake, pamoja na tarehe walizonunua na kuuza. Mfuko usiotaka kutoa ukurasa huo usipewe kibali cha kuuza vipande.