Mfumo Haumwajibishi Mtu

Juzi mgeni rasmi wa semina moja alituambia kwamba uzembe maofisini utakwisha siku kila taasisi itakapokuwa na mfumo wake wa kidijitali. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi sikupiga. Kauli hiyo imenichosha.

Mwaka 2016 mishahara ya watumishi wa Serikali ya Tanzania ilikuwa tayari inapita kwenye mfumo wa kompyuta, Lawson. Mfumo huohuo ukawa unawalipa watumishi hewa, wakiwemo marehemu. Zaidi ya 10,000 waliondolewa mwaka huo baada ya Rais Magufuli kuwaamuru wakuu wa mikoa wahakiki watu, jina kwa jina. Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, aliyesema kwake hakuna hata mmoja, alitumbuliwa Aprili baada ya uhakiki kuwakuta. Kompyuta zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mkubwa aliuliza, na jibu la uongo likamgharimu aliyelitoa.

Kenya nako IFMIS, mfumo wa kompyuta wa kusimamia fedha za Serikali, iliwekwa ilinde fedha za umma. Mwaka 2015 ikafichuka kwamba Shilingi milioni 791 za Huduma ya Taifa ya Vijana (NYS) zimechotwa kupitia humohumo, na maelezo yakawa kwamba nywila za maofisa zilitumiwa na watu wengine. Nywila anakabidhiwa mtu, na mtu huyo ana bosi. Bosi alikuwa wapi?

Tukihoji hivi tunaambiwa tunaogopa kompyuta, tunayalilia majalada yenye vumbi. Hoja ya kitoto! Umeme nanunua kwa simu kama wao.

Ipo ofisi ya umma ninayoijua, mlangoni kuna mashine ya alama za vidole. Saa moja na nusu asubuhi foleni imenyooka, vidole vinabonyezwa. Saa mbili na robo hao wote wako kwa mama ntilie, supu na chapati, na ripoti ya mahudhurio imejaa. Dirishani, mama mwenye mtoto mgongoni anaambiwa, "Mfumo unasumbua, njoo kesho." Hakuna mkuu anayetoka kuuliza unasumbua wapi na tangu lini. Mkuu yuko kwenye grupu la WhatsApp, anamwaga maagizo hadi saa nne usiku.

Waheshimiwa mawaziri, kabla hamjaidhinisha mfumo mwingine, mwulizeni mkurugenzi anayeuomba: taarifa za ule wa zamani alizisoma lini, na alimwajibisha nani?