Insulini bila kipimo ni nusu ya tiba
Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza insulini za kisasa za muda mrefu katika orodha ya dawa muhimu. Faida yake mojawapo ni kupunguza sukari kushuka usiku. Lakini bila stripu za kupimia, mzazi bado anabahatisha.

Mtoto akitetemeka, akitoka jasho au akiongea ovyo na huna kipimo, usisubiri. Mpe vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15 rudia kama hajapata nafuu. Akipata, ale chakula. Akizimia, usimpe kitu mdomoni: mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Mwalimu wake naye ayajue haya.