Tusiyachome Matunda ya Mwarobaini

Mwarobaini unapozaa, nyua zetu za Pwani hufunikwa na matunda ya manjano. Twayafagia, twayakusanya pembeni, kisha twayatia moto. Siku chache baadaye twatoa pesa kununua dawa ya viwavi walioingia kwenye mchicha na bamia. Hii ni israfu iliyo wazi, nasi twaifanya kila mwaka.

Ndani ya kokwa ya tunda hilo mna azadiraktini. Haimuui mdudu papo hapo kama sumu ya dukani. Humkosesha hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba, asipate kukua. Basi anayenyunyiza leo asikate tamaa akimwona kiwavi kesho yu hai. Atazame majani kama yangali yanatafunwa.

Namna ya kuitengeneza ni hii. Tuondoe nyama ya tunda, tuoshe kokwa, tuzianike kivulini penye upepo hadi zikauke barabara, kwani zenye ukungu hazifai. Tuzibanje, tupepete maganda, tutwange viini katika kinu kisichotumika kwa chakula. Gramu 50 za viini vilivyotwangwa zatosha lita 1 ya maji, yaani nusu kilo kwa lita 10. Tuviloweke usiku kucha, tuchuje kwa kitambaa, tutie sabuni kidogo ili dawa ishike majani. Tunyunyize jioni, maana jua huidhoofisha upesi, na turudie baada ya wiki moja. Machicha yanayobaki tuyafukie shinani mwa mimea.

Faida kubwa zaidi ni usalama wa watoto wetu. Sumu kali ikimiminwa katika chupa ya soda na kuwekwa uvunguni, mtoto hawezi kujua kwamba si kinywaji. Kila tunapoweza kuiacha sumu hiyo dukani, tumemwondolea hatari hiyo.

Hata hivyo, tusidhani kuwa kila kitokacho mtini ni salama. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa kama dawa. Kwa hiyo chombo kiandikwe jina, kiwekwe mbali na mikono ya watoto, na mboga zioshwe vyema kabla ya kupikwa.

Akina mama, kabla ya kuwasha moto uani, tutenge walau kikapu kimoja cha matunda hayo.